Fizi: Nilimshuku dereva kuiba esansi, kumbe ni kapteri ya moteri iliyodanganya

Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni ndani ya Makobola, kwenye barabara ya kitaifa namba 5, teritware ya Fizi. Toyota Carina iliyotoka Baraka ilisimama kwenye kizuizi dakika tano tu, kiisha ikakataa kuwaka tena. Nyuma kulikuwa mabidoni ya mawese na gunia la ndakala. Kwenye kiti cha kati mama mmoja alishika beseni la mikebuka mibichi iliyotakiwa kufika soko la Uvira kabla ya kuharibika. Kila mtu kati yetu alikuwa anatazama jua.

Wengi wanaijua Makobola kwa sababu ya mauaji ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, na magari mengi hupita pale bila kusimama. Sisi tulisimama bila kutaka. Kwenye njia hii, gari kuzimika wakati giza linaingia si jambo la kuchekea.

Mimi sikuwa abiria wa kawaida. Carina hiyo, ya mwaka 1997, ni yangu. Niliingia ndani ya safari kwa shauri moja: kumkamata dereva wangu.

Zamani, kutoka Uvira hadi Baraka na kurudi, karibu kilomita 180 kwa jumla, gari ilikuwa inakunywa lita 20. Kwa wiki sita dereva alikuwa ananiletea hesabu ya lita 28. Nilimwambia moteri haiwezi kuanza ulevi katika uzee wake. Wenye magari wenzangu walinihakikishia kwamba esansi inatolewa kwa mpira usiku na kuuzwa ndani ya chupa kando ya barabara. Basi kila safari nikamkata feza ya lita nane. Safari mbili kwa wiki, wiki sita. Yeye hakupiga kelele. Alisema tu: “Patron, siku moja upande na mie, utaona.”

Nikapanda. Uvira tulitia lita 20 mbele ya macho yangu, tanki ikiwa karibu kavu. Baraka nililala nyumba moja na gari, ufunguo chini ya mto wangu. Asubuhi tulirudi, na tulipofika Mboko taa ya esansi ikawaka. Hakuna aliyeweka mpira ndani ya tanki. Nilikuwa nimekaa pale pale juu ya kiti nikiangalia mshale ukishuka, na sikuwa na mtu wa kumshitaki tena. Tulinunua lita nyingine njiani, na dereva hakunitazama hata mara moja.

Kwenye kizuizi cha Makobola vijana walitusukuma hadi chini ya mwembe, mahali fundi mmoja anapofanyia kazi. Si garaji yenye kuta. Kuna gogo la kukalia, sanduku la funguo, na mifupa ya Toyota mbili ambazo hazitatembea tena.

Nilidhani atauliza batri. Hakuuliza. Alienda nyuma, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi, akakitoa kikiwa cheusi kama mkaa wa sufuria. Akanusa. Kiisha akafungua kapo na kutoa bujii moja. Ilikuwa nyeusi, imelowa, na inanuka esansi. Ya pili hivyo hivyo. Zote nne zilikuwa namna moja.

Hapo alituambia jambo la kwanza la maana. Kama bujii moja tu ingekuwa nyeusi, angetafuta ubaya kwenye silinda ile moja: waya wake, bujii yenyewe, ama kinyunyizio cha esansi. Zote nne zikiwa sawa, ubaya uko mahali panapoamua kwa zote. Ama hewa haiingii ya kutosha, ama ubongo wa moteri unaamuru esansi ipite kiasi.

Hewa ni rahisi kupima. Alitoa filta, akaipiga juu ya goti, vumbi la RN5 likatoka, lakini mwanga ulipita ndani yake. Aliangalia mpira mwembamba unaopeleka mvuto wa hewa kwenye kapteri ya presha, haukupasuka. Akautia meno kidogo kwenye ncha, akanyonya, ukashika. Basi si hewa.

Dereva wa basi dogo lililosimama karibu akatupa shauri: turudishe gari Uvira kwa kamba, tutafute mtu mwenye skaneri. Ni shauri linalotolewa sana siku hizi, na kwa magari mapya ni zuri. Lakini tundu la pini 16 ambalo skaneri hizo zinaingia ndani lilikuwa lazima kwa magari ya Marekani kuanzia 1996, na kwa magari ya esansi ya Ulaya kuanzia 2001. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, zile zinazotufikia kupitia Dar es Salaam ama Dubai, hazikufungwa na sheria hizo. Unaweza kulipa mtu wa skaneri na mashine yake isione kitu.

Magari hayo yana njia yake, na haiombi mashine. Chini ya kapo kuna kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukifungua kifuniko utaona matundu yenye majina. Fundi alichukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akafungua kontakti bila kuwasha moteri. Taa ya moteri kwenye dashibodi ikaanza kupepesa macho. Ikiwa kuna ubaya uliohifadhiwa, taa hupepesa kwa hesabu: mara mbili, kituo, mara mbili tena, hiyo ni kode 22, kapteri ya joto la maji. Mara tatu, kituo, mara moja, ni 31, kapteri ya presha ya hewa. Ikiwa hakuna ubaya, taa inapepesa mfululizo bila kituo.

Yetu ilipepesa mfululizo.

Dereva wa basi alicheka: “Umeona? Kapteri ni nzima. Ni mtu ndiye anakunywa esansi.” Nilimwona dereva wangu akiinamisha kichwa. Naandika jambo hili kwa haya, kwa sababu mimi pia, kwa nusu dakika, niliamini maneno yale ingawa siku mbili nzima nilikuwa juu ya kiti.

Fundi hakucheka. Alimjibu kwamba ubongo wa gari unajua mambo mawili tu juu ya kapteri: kwamba waya umekatika, ama kwamba waya umegusana. Katikati hapo, chochote kapteri inachosema, ubongo unaamini. Kapteri iliyokufa inashitakiwa. Kapteri inayodanganya kwa adabu haishitakiwi.

Alitoa multimetri, ile ya manjano ya bei ndogo. Kapteri ya joto la maji imefungwa penye maji ya moto yanatokea kwenye kichwa cha moteri, na ina nyaya mbili. Hiyo si ile inayosukuma mshale wa joto kwenye dashibodi. Kwenye Toyota hizi za zamani, mshale una kipimo chake chenye waya mmoja. Ndiyo maana mshale wetu ulikuwa unakaa mahali pazuri wiki zote sita: ulisema ukweli, lakini ubongo haukuwa unausikiliza.

Ndani ya kapteri kuna kitu kidogo ambacho upinzani wake wa umeme unashuka kadiri joto linavyopanda. Maji yakiwa digri 20, inatakiwa kusoma kati ya omu 2,000 na 3,000. Yakiwa digri 80, kati ya omu 200 na 400. Moteri yetu ilikuwa ya moto hata mkono haukai juu yake. Fundi alichomoa soketi, akagusisha sindano mbili za multimetri. Ikasoma omu 1,900.

Alisafisha miguu ya kapteri kwa kijiti na kitambaa, kwa sababu kutu peke yake inaweza kuongeza upinzani, akapima tena. Omu 1,900. Yaani moteri inachemka, lakini kapteri inauambia ubongo kwamba maji yana digri kati ya 25 na 30, joto la mtu anayepumzika kivulini.

Madereva wazee watalielewa hili upesi. Moteri baridi inahitaji esansi nyingi zaidi ili ishike. Kwenye gari za karabirateri, kama Peugeot 504, ulikuwa unavuta starteri asubuhi, na moteri ikipata moto unairudisha. Carina inafanya kazi hiyo yenyewe, ikisikiliza kapteri. Yangu ilikuwa inasikia asubuhi kutwa nzima. Kwa wiki sita nilikuwa namtuma mtu Baraka na starteri imevutwa, halafu namuuliza esansi imeenda wapi. Na kwa sababu hiyo pia ilikuwa inakataa kuwaka kwenye vizuizi: moteri ikiwa ya moto, inamwagiwa esansi ya moteri baridi, bujii zinalowa, mambo yamekwisha.

Jua lilikuwa limegusa milima ya upande wa magharibi. Mama wa mikebuka aliuliza kwa upole: “Mwanangu, tutafika?” Fundi alikausha bujii, akazirudisha, akaacha soketi ya kapteri ikining'inia bila kuunganishwa. Akamwambia dereva akanyage pedali ya esansi hadi chini na kupiga kontakti.

Moshi mweusi ulitoka mara moja, kama pumzi ya mwisho, na moteri ikashika. Taa ya moteri ikawaka na kubaki inawaka, lakini ralanti ilikuwa laini namna sijasikia kwa muda mrefu. Ni ajabu kidogo: gari ilitembea vizuri zaidi bila kapteri kuliko ikiwa nayo. Sababu yake ni kwamba ubongo ukigundua waya umekatika, unaacha kuuliza na unachukua joto la digri 80 kama hesabu ya dharura. Moteri yetu ilikuwa karibu na joto lile, basi esansi ikawa ya kipimo. Fundi aliunganisha tena TE1 na E1 ili watu wote waone. Taa ikapepesa mara mbili, kituo, mara mbili. Kode 22. Dereva wa basi alienda kununua muhogo wa kuchoma.

Hiyo si dawa ya kukaa nayo. Alfajiri, maji yakiwa baridi kweli, ubongo utaendelea kusema digri 80 na moteri itakuwa nzito kuwaka. Lakini kwa kumaliza njia iliyobaki hadi Uvira ilitosha, na mikebuka ilifika sokoni.

Safari iliyofuata tulirudi Makobola asubuhi, kwa shauri la kubadilisha. Piesi mpya huwa inatoka Bujumbura, na mpaka unapofungwa, bei inafungwa pia. Madukani kuna mpya za kuiga zilizofungwa kwenye karatasi nzuri. Fundi alipendelea kapteri tatu alizotoa kwenye Toyota zake zilizokufa, lakini hakutaka niamini neno lake. Aliwasha mbabula, mbali na gari (mahali penye harufu ya esansi hakuna mbabula, na nimeona watu wakisahau), akaweka sufuria ya maji.

Kila kapteri aliipima kwanza ndani ya maji ya asubuhi, kiisha akaitumbukiza kwa waya ndani ya sufuria, ncha ya shaba tu, soketi ikibaki juu, na tukaangalia namba zikishuka. Ya kwanza ilianza karibu na 2,400, ikateremka bila kuruka, na maji yalipochemka ilikuwa karibu na 200. Ya pili ilishuka vizuri hadi katikati, halafu ikaruka juu na chini kama mtu aliyesahau neno. Akaitupa. Ya tatu ilikuwa sawa na ya kwanza. Tulichagua ya kwanza, na ya tatu niliinunua pia nikaiweka kwenye sanduku la gari. Mwisho alitumbukiza ile yangu ya zamani. Maji yalichemka na yeye bado alikuwa juu ya 1,500.

Kuifunga kulichukua muda mfupi kuliko kuipima. Moteri iwe baridi kabisa. Kifuniko cha radiyateri ya moto kimeunguza nyuso nyingi kwenye barabara hii. Alipunguza maji kidogo kwa chini, akafungua kapteri kwa ufunguo wa 19, akaweka nyingine na rondeli mpya ya shaba. Dereva alitaka kusaidia kukaza, fundi akamzuia: “Yaya, polepole. Hii ni shaba ndani ya aliminyumu. Ukikaza sana, utanunua kichwa cha moteri.” Akaunganisha soketi, akajaza maji, akaacha moteri igeuke na kifuniko wazi mpaka mapovu ya hewa yakatoka. Kiisha akazima, akachomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja ili kode 22 isahauliwe, akairudisha.

Kapteri iliyotoka ilikuwa imevaa ganda jeupe. Fundi aliuliza tunatia maji gani. Jibu ni lile la madereva wote wa pwani hii: maji ya ziwa, yako bure. Maji ya Tanganyika ni matamu kwa kuogelea, lakini yana chumvi-chumvi za madini na ni ya namna ya magadi, pH yake inafika karibu 9. Yakichemka kila siku ndani ya moteri yanaacha ganda kama lile la ndani ya birika la chai. Ganda peke yake halikuua kapteri yangu. Ndani yenyewe ilikuwa imechoka. Lakini linaziba njia ndogo za radiyateri, na kutu inakula miguu ya vipimo. Sasa tunatia maji ya radiyateri yaliyochanganywa, na chupa moja inakaa ndani ya gari kwa dharura.

Nilidhani hadithi imekwisha. Safari iliyofuata hesabu ilikuwa lita 23. Si 28, lakini si 20 pia. Tatu zilizobaki, nakiri, zilinirudisha kwenye mawazo mabaya kwa siku nzima.

Dereva ndiye aliyeona. Aliniambia kwamba kati ya Lusenda na Mboko, upepo wa ziwa ukipiga mbele, mshale wa joto unashuka karibu na baridi. Fundi alifungua kisanduku cha termostati na kukuta ndani hakuna kitu. Mtu fulani, miaka iliyopita, aliitoa. Ni desturi ya magaraji mengi kwetu: gari ikichemka, termostati inalaumiwa na kutupwa, na mwenye gari anafurahi kwa sababu haichemki tena. Lakini kazi ya termostati ni kuzuia maji yasizunguke kwenye radiyateri kabla moteri haijapata joto. Kwenye Toyota hizi inaanza kufunguka karibu na digri 82. Bila hiyo, kwenye njia tambarare moteri haifiki joto lake, na kapteri mpya, yenye kusema ukweli, inauambia ubongo ukweli huo: bado ni baridi, ongeza esansi. Mara ya kwanza kapteri ilidanganya. Mara ya pili ilisema ukweli juu ya ubaya mwingine, na tungeweza kuitupa bure.

Termostati ikawekwa. Lita 20.

Kuna hasara nyingine ambayo nilikuwa siioni. Esansi iliyozidi inaosha mafuta kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kwenye mafuta ya moteri. Fundi alinusisha kijiti cha kupimia mafuta: kilinuka esansi. Tulimwaga mafuta yote. Alisema ningeendelea kukata mshahara wa dereva miezi michache mingine, ningebadilisha moteri.

Sio kila gari linalozimika lina ugonjwa huu. Linalokufa ghafla likiwa la moto, bila moshi wala harufu, halafu linawaka likipoa, mara nyingi ni kapteri ya mzunguko wa moteri ama waya wake. Linalokunywa esansi lakini bujii zake hazina weusi, angalia kwanza bomba, tanki, na breki zinazobana. Na baada ya kuvuka mto uliojaa, kabla ya kununua chochote, chomoa soketi na uzikaushe.

Nilihesabu feza niliyomkata dereva: safari 12, lita nane kila safari, lita 96. Nilimrudishia kwa mafungu manne. Lile la mwisho alilipokea pale pale Makobola, chini ya mwembe, akalihesabu mbele ya fundi, akaweka mfukoni. Siku hizi, kabla ya kuondoka Uvira, ananiita nitoke nje niangalie akitia esansi. Nimemwambia si lazima. Anangoja tu, kifuniko cha tanki mkononi, mpaka nitoke.